Stempu, makopo ya bati au vifungashio vya leo: uanze kukusanya kipi?

Kuna watu ambao mkono hausogei wakitakiwa kutupa boksi zuri. Sabuni imekwisha, lakini karatasi yake imekunjwa vizuri na kuwekwa kwenye droo kwa sababu ya umbo la herufi zake, au kwa sababu ya kijani fulani kisichoonekana kwingine. Kama wewe ni mmoja wao, huenda umefika mahali pa kujiuliza: niendelee kuokota kila kinachonivutia, au nichague aina moja niijue kwa undani?

Mimi nashauri kuchagua, angalau kwa mwanzo. Jicho hunoleka kwa kulinganisha vitu vya jamii moja. Ukiwa na kopo moja la zamani utasema ni zuri, basi. Ukiwa nayo kumi, utaanza kuuliza kwa nini yote yana rangi tatu tu, kwa nini herufi zimenenepa, na nani alilipwa kuchora yule simba.

Nalinganisha hapa aina tatu ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuanza nazo bila safari wala fedha nyingi: stempu za zamani, makopo ya bati yaliyopigwa chapa, na vifungashio vya leo vinavyouzwa dukani wiki hii.

Vigezo

Kila aina nimeiangalia kwa mambo manne. Kwanza, inapatikana wapi na kwa gharama gani. Pili, inatunzwaje katika hali ya hewa yetu, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kutunza karatasi umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na kavu, nao haumsaidii mtu wa Tanga au Mombasa. Tatu, utajuaje umri wake na kwamba ni halisi. Nne, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, inakufundisha nini kuhusu kazi ya msanifu.

Chombo kimoja kinahitajika kwa zote: lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, ile wanayotumia mafundi saa na sonara. Picha iliyochapwa kwa ofseti ya rangi nne, yaani uchapaji wa kawaida wa magazeti na maboksi ya leo, ikiangaliwa kwa lenzi inavunjika kuwa nukta za samawati, waridi iliyokoza, njano na nyeusi, zimepangwa kwa utaratibu wa mashine. Litografia ya zamani, yaani uchapaji wa picha iliyochorwa juu ya jiwe bapa, haina utaratibu huo. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, mara nyingi imelala tambarare, na penye kivuli utaona vidoa vilivyotiwa kwa mkono wa mtu. Chapa ya sahani iliyochongwa huacha wino ulioinuka, hata ukipitisha ukucha polepole utauhisi. Zijue tofauti hizi tatu na utakuwa umevuka nusu ya safari.

Stempu za zamani

*Upatikanaji na gharama.* Barua za familia ndizo mgodi wa kwanza. Uliza wazee, uliza ofisi za zamani za misheni, uliza mtu yeyote aliyekuwa na ndugu ng'ambo kabla ya simu za mkononi. Stempu za kawaida zilizotumika huuzwa kwa bei ndogo, mara nyingi kwa mafungu, na mashirika ya posta ya Kenya na Tanzania yamekuwa yakiwahudumia wakusanyaji kwa matoleo yao. Gharama hupanda pale tu unapofuata zile adimu, na kwa mtu anayependa usanifu hakuna sababu ya kuzifuata. Stempu ya senti tano inaweza kuwa na mchoro bora kuliko ya shilingi ishirini.

*Utunzaji.* Nafasi si tatizo, maana mkusanyiko mzima unaingia kwenye sanduku la viatu. Tatizo ni unyevunyevu. Stempu isiyotumika bado ina gundi mgongoni, na pwani gundi hiyo hujibandika yenyewe msimu wa masika. Kwa hiyo mtu wa pwani ni afadhali akusanye zilizotumika. Kata bahasha kuzunguka stempu, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iachie, kisha ikaushe kwa kuilaza kifudifudi kwenye karatasi safi. Bahasha ya rangi iloweke peke yake, kwani rangi ya karatasi huvuja na kuharibu nyingine. Epuka albamu za plastiki laini yenye harufu kali. Plastiki hiyo huharibu wino kadiri miaka inavyokwenda.

*Umri na uhalisi.* Hapa stempu zinashinda kwa mbali, kwa sababu kila toleo limeorodheshwa na tarehe yake inajulikana. Hata hivyo yapo maeneo ya kujihadhari. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye sura ya Sultani zilipigwa juu yake maneno JAMHURI 1964, mwanzoni kwa mihuri ya mkono palepale Zanzibar, baadaye kwa mashine. Ni kati ya vitu vyenye nguvu kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwenye karatasi: serikali mpya haijapata hata muda wa kuchora stempu yake, inatamka jina lake juu ya uso wa utawala ulioondoka. Lakini muhuri wa mkono ni rahisi kuigiza, na bandia zipo nyingi. Usinunue za bei kubwa bila mtaalamu.

*Zinakufundisha nini.* Uchumi wa nafasi. Tazama seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935. Ndani ya kipande cha karatasi kisichozidi ncha mbili za vidole kuna majina ya nchi tatu, thamani, maneno ya posta na mapato, kichwa cha mfalme George V, na bado kuna nafasi ya korongo taji, simba, jahazi la Ziwa Victoria, mlima Kilimanjaro au daraja la Jinja. Mfalme alipobadilika, michoro hiyohiyo ilirudi mwaka 1938 ikiwa na kichwa cha George VI. Ziweke ubavu kwa ubavu uone jinsi fremu ilivyoundwa tangu mwanzo ili kichwa kiweze kutolewa na kingine kiingie. Na ndani ya seti hiyo moja kuna somo la lenzi: simba alichapwa kwa sahani yenye mchoro ulioinuka, jahazi na mlima kwa sahani iliyochongwa. Mistari ya maji chini ya jahazi ni myembamba kiasi kwamba sahani ya kwanza isingeiweza.

Baada ya uhuru somo linabadilika. Rena Fennessy, msanii aliyefanya kazi Kenya, ndiye aliyechora ndege wa Uganda wa mwaka 1965, samaki wa Tanzania wa mwaka 1967 na makombe ya baharini ya Kenya ya mwaka 1971. Mkono mmoja, nchi tatu changa. Kila nchi ilimwachia kiumbe mmoja katikati, rangi safi, maandishi machache, na wafalme hawapo tena. Kwenye seti ya makombe, majina mawili ya kisayansi yalikosewa, moja likiwa *pompileus* badala ya *pompilius*, yakasahihishwa mwaka 1974. Ukiwa na stempu zote mbili za senti 70 mkononi, umeshika kosa na marekebisho yake.

*Zinamfaa nani.* Mtu mwenye subira na vitu vidogo, mwenye chumba kimoja, anayependa historia yenye tarehe za uhakika. Hazimfai anayetaka kitu cha kupamba rafu, wala anayependa kitu kilichoguswa jikoni.

Makopo ya bati

*Upatikanaji na gharama.* Wanunuzi wa vyuma chakavu, mafundi wanaoweka misumari na skrubu ndani ya makopo, jikoni kwa bibi. Kopo halikufa lilipoisha kilichomo. Gorogoro, kile kipimo cha mahindi na maharage katika masoko ya Kenya, ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili lililopewa kazi ya pili. Kwa sababu hiyo mengi yamefika kwetu yakiwa na mikwaruzo, yamepauka, hayana kifuniko. Zamani ungelipata bure. Siku hizi wauzaji wa mapambo ya kale wameshaamka, kwa hiyo kubali kujadiliana bei.

*Utunzaji.* Adui ni kutu, na pwani kuna chumvi hewani. Usisugue kwa steelwool wala kuliloweka. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, papo hapo futa kwa kikavu, kisha nta kidogo sana kwenye sehemu isiyo na chapa. Usitie mafuta ya kula, yatageuka uchafu unaonata. Kopo linahitaji nafasi, na ukifika thelathini familia itaanza kulalamika, kwa haki.

*Umri na uhalisi.* Kopo halina orodha kamili kama stempu, kwa hiyo unalisoma kwa ushahidi. Anwani ikisema Tanganyika, mchoro huo ni wa kabla ya jina Tanzania kuanza kutumika Oktoba 1964, ingawa kiwanda kingeweza kuendelea kutumia mabati yake ya zamani mpaka yaishe. Uzito ulioandikwa kwa ratili na aunsi pekee unaelekeza kabla nchi zetu hazijahamia gramu na kilo, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Barkodi ni alama nzuri zaidi: bidhaa ya kwanza kuskaniwa dukani ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley, huko Ohio, Juni 1974, na kwetu mistari hiyo ilikuja baadaye. Kuna pia makopo mapya yanayotengenezwa yaonekane ya zamani. Mengine hata kutu imechapwa. Lenzi itakuambia: kutu ya kweli haina nukta za rangi nne.

*Yanakufundisha nini.* Kwanza, kwamba ufundi mkubwa wa karatasi ulitokea kwenye bati. Bati ni gumu, jiwe la litografia nalo ni gumu. Ukivikutanisha, chapa haikai vizuri. Mwaka 1875 Robert Barclay wa Uingereza alipata hataza ya mashine iliyoihamishia picha kwanza kwenye silinda yenye uso laini, ndipo ikaingia kwenye bati. Hiyo ndiyo ofseti. Kwenye karatasi ilikuja karibu miaka thelathini baadaye, kupitia kwa Ira Rubel huko Marekani. Gazeti unalosoma na kalenda iliyo ukutani kwako vimetokana na haja ya kupamba makopo ya biskuti.

Pili, yanakufundisha uvumilivu wa mchoro. Kopo la Lyle's Golden Syrup la Uingereza limebaki karibu vilevile tangu 1885: kijani na dhahabu, simba aliyekufa amezungukwa na nyuki, kutoka kisa cha Samsoni katika Biblia. Mwaka 2024 kampuni ilibadilisha nembo kwenye chupa na bidhaa zake nyingine, ikaweka simba hai wa mistari michache, lakini kopo la zamani ililiacha. Naona walifanya uamuzi wa busara, kwa sababu kopo lile limeshakuwa mali ya wanaolitambua kuliko ya wanaoliuza.

Karibu na kwetu, fikiria kopo la Kiwi, dawa ya viatu iliyoanza Australia mwaka 1906 na kupewa jina la ndege wa New Zealand, nchi alikotoka mke wa mwanzilishi. Watoto wangapi wa shule za bweni wamemjua ndege huyo vizuri bila kuwahi kumwona? Umbo lake linatambulika likiwa dogo, likiwa limechakaa, likiwa limefunikwa na rangi nyeusi ya vidole. Huo ni mtihani ambao nembo nyingi za leo haziufaulu. Na kopo la Africafe la kiwanda cha TANICA, Bukoba, linastahili kuangaliwa kwa jicho hilohilo; limesafiri kwenye mizigo ya Waswahili hadi Muscat na London kama zawadi inayojieleza yenyewe kwamba imetoka nyumbani.

*Yanamfaa nani.* Mwenye rafu, anayependa kushika, anayefurahia upelelezi zaidi ya orodha. Mwanafunzi wa usanifu anayejifunza kuchora nembo atapata hapa shule bora kuliko penginepo. Ukiishi mita chache kutoka baharini, fikiria mara mbili.

Vifungashio vya leo

*Upatikanaji na gharama.* Umeshavinunua. Hii ndiyo aina pekee ambayo gharama yake ni kuacha kutupa. Zaidi ya hapo, unaweza kujua kila kitu: duka, siku, bei, na wakati mwingine hata msanifu mwenyewe, ambaye yu hai na anaweza kuulizwa.

*Utunzaji.* Watu hudhani kipya hakihitaji uangalizi, kumbe baadhi yake hufa haraka kuliko stempu ya 1935. Risiti za karatasi ya joto hufutika zenyewe. Zipige picha siku hiyohiyo. Plastiki laini hunata na kupauka. Mabaki ya chakula huita mende na sisimizi, hivyo osha na kausha kwanza. Boksi lifungue pale lilipogundishwa, usilikate, kisha lilaze bapa. Utaliona kama msanifu alivyoliona kwenye meza yake, na pale kwenye masikio ya gundi mara nyingi utakuta vidoa vya rangi vya majaribio ambavyo mnunuzi hakukusudiwa avione. Andika tarehe na duka kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye boksi lenyewe.

*Umri na uhalisi.* Tarehe ya kutengenezwa imechapwa. Tarakimu za mwanzo za barkodi nazo zinasema kitu: 616 ni usajili wa Kenya, 620 ni wa Tanzania. Kumbuka ni mahali kampuni ilipopewa namba, si lazima mahali bidhaa ilipotengenezwa. Alama za ubora za mashirika ya viwango, KEBS la Kenya na TBS la Tanzania, nazo zimebadilika kadiri muda unavyokwenda, na siku moja zitakuwa vielelezo vya umri kama ilivyo ratili kwa makopo.

*Vinakufundisha nini.* Vinakufundisha kuona uamuzi ukifanyika. Mwaka 2009 juisi ya Tropicana huko Marekani iliondoa kwenye boksi lake lile chungwa lililochomekwa mrija, ikaweka glasi ya juisi na maandishi membamba. Wanunuzi hawakuitambua rafuni, mauzo yakashuka, na boksi la zamani likarudi kabla miezi miwili haijatimia. Mwaka 2023 Toblerone iliondoa mlima Matterhorn kwa sababu sehemu ya utengenezaji ilihamia Slovakia, na sheria za Uswisi zina masharti kuhusu nani anaruhusiwa kutumia alama za nchi hiyo. Mlima uliobaki ni mlima wowote tu. Aliyekuwa na pakiti mbili, ya kabla na ya baada, anaweza kusoma sheria ya biashara kwenye karatasi ya chokoleti.

Sheria zimegusa kwetu pia. Marufuku ya mifuko ya plastiki Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019 ilibadilisha sura ya dukani kwa muda mfupi sana. Karatasi ya kaki ikarudi, na mifuko ya kitambaa chepesi ikajaa nembo. Wazalishaji wadogo wa asali, kahawa na viungo wakazoea kubandika lebo moja nzuri kwenye mfuko wa kaki usio na kitu. Mtindo huo una uzuri wake, na una uchovu wake pia: lebo nyingi zimeanza kufanana, mduara, jani, herufi nyembamba. Mkusanyaji wa leo anaweza kuona ni nani alianza, nani aliiga na nani alikataa kuiga.

Kwa wanaosema kipya hakina thamani, nawakumbusha Maziwa ya Nyayo. Kuanzia 1979 watoto wa shule za msingi Kenya walipewa maziwa ndani ya pakiti za pembe tatu, umbo ambalo Tetra Pak ilianza kulitumia mwaka 1952. Kizazi kizima kinaikumbuka pakiti ile, kuanzia kona ya kukata kwa meno hadi jinsi ilivyopasuka ikikanyagwa. Lakini kupata moja safi leo ni kazi kubwa, kwa kuwa siku zile ilikuwa takataka ya kila siku. Nani anaweka pakiti ya maziwa ya mwaka huu?

*Vinamfaa nani.* Msanifu anayefanya kazi sasa, mwanafunzi asiye na fedha, mzazi anayetaka kuwafundisha watoto kuangalia. Havimfai anayehitaji furaha ya kupata kilichopotea. Hapa hakuna kuwinda, kuna kukumbuka kuweka.

Kulingana na hali yako

Una chumba kimoja na unahamahama: stempu. Unaishi ufukweni: stempu zilizotumika au maboksi yaliyolazwa bapa, na makopo uyaache mpaka upate kabati linalofungika vizuri.

Unasomea usanifu na unataka kuboresha mkono wako: makopo kwa nembo, vifungashio vya leo kwa mpangilio wa maandishi. Ukilazimika kuchagua kimoja, angalia udhaifu wako uko wapi.

Una watoto: anza na vya leo. Wape boksi la dawa ya meno walifungue bila kulichana, kisha walichore upya. Stempu wapewe baadaye, wakishajua kushika kwa kibano.

Unaandika historia ya familia au ya mji: stempu na makopo kwa pamoja, ila hifadhi bahasha nzima yenye muhuri wa posta, usiikate. Anwani na tarehe vina thamani kuliko stempu peke yake.

Unaishi ng'ambo: vifungashio vya bidhaa za nyumbani vinavyouzwa huko uliko. Lebo ya pili iliyobandikwa juu kwa lugha ya nchi hiyo, mara nyingi ikifunika nusu ya mchoro, ni sehemu ya hadithi, usiibandue.

Na kama bado uko njia panda, acha kuchagua aina ya kitu, chagua bidhaa. Chukua kahawa. Tafuta stempu ya Tanganyika ya mwaka 1961 yenye wachumaji wa kahawa, kopo la Africafe, na mfuko wa kahawa ya mchomaji mdogo wa mtaani kwako. Viweke mezani, chukua lenzi, na andika ni nani anaonyeshwa kwenye kila kimoja: mchumaji, kiwanda, au mnywaji.